Kampuni ya Ng'ambo na Kodi ya Nyumbani

(Mada iliyotolewa mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wahisani)



Mada ya leo imetoka kwenu. Katika taarifa zenu za robo mwaka, kamati kadhaa zilituandikia swali moja kwa maneno tofauti. Waumini wetu wafanyabiashara wa huku Kanda ya Ziwa, wanaoagiza vipuri, nguo na mashine kutoka Dubai na Guangzhou, na wale wanaosafirisha mabondo ya sangara na choroko, wameanza kufuatwa na mawakala wanaouza kampuni za nje. Wakala anakuja na kompyuta yake mkononi na maneno matamu: sajili kampuni Mauritius, Shelisheli au Dubai, pitisha ankara zako huko, gharama za biashara zitashuka na kodi utakayolipa hapa itakuwa kidogo. Waumini hao wamewauliza ninyi viongozi wao mambo mawili: je, ni halali, na je, inalipa? Kamati moja imeongeza swali la tatu ambalo ni gumu kuliko hayo: kampuni ya namna hiyo ikitaka kutuchangia mabati ya zahanati, tupokee?

Tuanze na jibu fupi, maana wengine wenu mnawahi usafiri. Kusajili kampuni nchi nyingine peke yake si kosa. Kosa ni kudanganya kuhusu kazi inayofanywa na kampuni hiyo. Na kwa mfanyabiashara wa kadiri ya wale mlionao parokiani, mara nyingi haimpunguzii gharama bali inamwongezea. Sasa tueleze kwa nini tunasema hivyo.

Kampuni ni mtu wa kisheria, ni tofauti na wenye hisa wake. Mtu huyu hazaliwi hospitalini, anazaliwa kwa karatasi, na karatasi inaweza kuandikwa popote. Katika mji wa George Town, visiwa vya Cayman, kuna jengo moja la ghorofa chache liitwalo Ugland House. Mwaka 2008 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilihesabu kwamba jengo hilo lilikuwa anwani ya kampuni na taasisi 18,857. Hazikuwa na meza humo wala wafanyakazi. Aliyekuwemo kwa kweli ni ofisi moja ya mawakili iliyotunza mafaili. Miaka minane baadaye, Aprili 2016, nyaraka milioni 11.5 za ofisi ya mawakili Mossack Fonseca ya Panama zilitoka hadharani, zikionyesha kampuni na taasisi zaidi ya 214,000 ambazo ofisi hiyo moja ilikuwa imewasajilia wateja wake duniani kote.

Tusiwe wepesi wa kulaani, hata hivyo. Zipo sababu nzuri za kuwa na kampuni ng'ambo. Mtu anayenunua mzigo Dubai kila mwezi anaweza kuhitaji ghala huko, karani wa kupokea mizigo, akaunti ya benki ya kulipia wauzaji, na sheria za huko zinamtaka awe na kampuni na leseni. Wawekezaji wa nchi tano wanaotaka kuweka fedha pamoja ili kukopesha viwanda vya Afrika huhitaji mahali pamoja pa kuziweka, na hata taasisi za umma za Ulaya zinazosaidia biashara za Afrika zimekuwa zikipitisha fedha Mauritius kwa sababu hiyo. Wahisani mnalifahamu hilo kuliko sisi. Katika mifano hiyo kuna kazi inayofanyika kule, na kuna watu wanaoifanya. Kampuni tunayoizungumzia leo ni ile ambayo kazi yake yote, kuanzia kununua hadi kuuza, inafanyika hapa, na kule kuna jina na sanduku la barua tu. Mitaani tunaiita kampuni hewa.

Inafanyaje kazi? Wakubwa ndio walioanza, kwa hiyo tujifunze kutoka kwao. Mwaka 2010 shirika la ActionAid lilitoa taarifa juu ya kiwanda cha bia cha Accra, nchini Ghana, kilichokuwa mali ya kampuni kubwa ya bia ya SABMiller. Bia ilitengenezwa Accra na kunywewa Ghana. Lakini nembo za bia hizo, ambazo baadhi yake ni za asili ya Kiafrika kabisa, zilikuwa zimesajiliwa kwa kampuni ya ukoo huohuo nchini Uholanzi, na kiwanda kililipa ada kwa kutumia majina hayo. Ada ya uongozi ilikwenda kwa kampuni nyingine ya ukoo huo nchini Uswisi. Ununuzi wa malighafi nao ukapitishwa kwa ndugu wa tatu, Mauritius. Kila ankara ilipunguza faida iliyobaki Ghana. Watafiti walikadiria kwamba kwa njia hizo nchi za Afrika zilikuwa zikipoteza kodi ya kama paundi milioni 20 kwa mwaka kutoka kundi hilo moja tu. Karibu na kiwanda walimkuta mama mwenye kibanda cha chakula aliyeuza bia hiyohiyo, naye alikuwa amelipa kodi ya mapato kubwa kuliko kiwanda kilichomletea, kwa sababu kiwanda kilionyesha hasara. Kampuni ilikana, ikasema inafuata sheria zote na inalipa kodi nyingi za aina nyingine, jambo ambalo kwa sehemu lilikuwa kweli, kwani bia hutozwa ushuru mkubwa. Ila ushuru huo hulipwa na mnywaji.

Hapo mmeona milango mitatu: jina, ada ya uongozi, na bei ya kununua au kuuziana ndani ya ukoo. Mlango wa nne ni mkopo. Kampuni mama ya nje inaikopesha kampuni ya hapa badala ya kuweka mtaji, halafu riba inatoka kila mwaka kama gharama. Aliyepanga bei zote hizo ni mtu mmoja aliyeketi pande zote mbili za meza. Ndiyo maana sheria za kodi za nchi nyingi, pamoja na yetu, zinataka bei kati ya ndugu iwe sawa na bei ambayo wangeuziana watu wasiojuana. Tanzania ilitoa kanuni za jambo hilo mwaka 2014 na kuzirekebisha mwaka 2018. Kwa upande wa mikopo, kampuni inayomilikiwa kutoka nje hairuhusiwi kuhesabu kama gharama riba ya deni linalozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wake.

Wapo waliotuuliza: haya yanawahusu nini watu wa kanisa? Kodi ni mambo ya Serikali, na wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba kodi zenyewe zinaliwa. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi na haifai kudharauliwa. Lakini tazameni hospitali ya Bugando. Ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki, inaendeshwa kwa ubia na Serikali, na mishahara ya watumishi wengi inatoka Hazina. Hospitali teule za wilaya nyingi zilizo chini ya madhehebu zinategemea watumishi na ruzuku kutoka chungu hichohicho. Zahanati ya parokia inapompata muuguzi anayelipwa na halmashauri, huyo ni kodi iliyovaa gauni jeupe. Ndugu wahisani, fedha mnazotuletea kwa ukarimu hujenga kuta. Ni nadra kulipa mshahara wa muuguzi kwa miaka 20.

Na kuhusu kodi kuliwa, njia hizi za kampuni za ng'ambo ndizo zilezile zinazotumiwa na walaji. Mnaikumbuka rada iliyouzwa kwa nchi yetu na kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa paundi milioni 28. Zaidi ya dola milioni 12 za malipo ya wakala zilipitia kampuni mbili, moja iliyosajiliwa katika visiwa vya Virgin vya Uingereza na nyingine Panama. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vitabu vya hesabu ipasavyo kuhusu malipo hayo, na Tanzania ikarudishiwa paundi milioni 29.5, zilizoelekezwa kwenye vitabu vya shule za msingi na madawati. Shule zetu nyingi zilipata vitabu hivyo. Kilichoficha malipo hayo ni karatasi za usajili, zinazofanana kabisa na zile anazozionyesha wakala kwenye kompyuta yake.

Viongozi wa dini nchini hawakukaa kimya juu ya mambo haya. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), BAKWATA na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) walitoa kwa pamoja taarifa kuhusu dhahabu, iliyoonyesha kwamba katika miaka mitano dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 2.5 ilisafirishwa nje, huku Serikali ikipata wastani wa dola kama milioni 21.7 kwa mwaka kwa mrabaha na kodi. Mwaka huohuo Kamati ya Jaji Bomani ilitoa ripoti yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na mabadiliko ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6. Kwa bara zima, jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Mzee Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa. Wengi hudhani hizo ni rushwa za wakubwa. Jopo lilisema sehemu kubwa, kama asilimia 65, inatokana na shughuli za biashara: bei za uongo kwenye ankara na hila za kampuni za ukoo mmoja. Rushwa ilikadiriwa kuwa kama asilimia 5.

Tumesema kusajili si kosa. Basi sheria inatazama nini? Hapa tunaomba masikio yenu, kwa sababu ndilo jambo ambalo wakala halisemi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema kampuni ni mkazi wa Tanzania ikiwa imesajiliwa hapa, au ikiwa wakati wowote katika mwaka uongozi na udhibiti wa shughuli zake ulifanyika hapa. Hilo neno "au" ndilo zito. Kampuni inaweza kuwa na cheti kutoka kisiwa cha mbali, na bado ikawa mkazi wa Tanzania kama mlivyo wakazi ninyi, ikadaiwa kodi ya mapato yake yote popote yalikopatikana.

Kesi iliyolithibitisha hilo ilitokana na migodi ya huku kwetu. Mwaka 2010 migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara na Tulawaka iliwekwa chini ya kampuni mpya, African Barrick Gold, iliyosajiliwa Uingereza na kuuza hisa zake katika soko la London. Kati ya mwaka 2010 na 2013 kampuni hiyo iliwalipa wenye hisa gawio la zaidi ya dola milioni 400, ilhali migodi yenyewe ilikuwa inaonyesha hasara za miaka ya nyuma. Mamlaka ya Mapato ikasema: migodi yote mnayoitegemea ipo Tanzania, uongozi wenu upo Tanzania, basi ninyi ni wakazi, mlipaswa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye gawio hilo, yaani kama dola milioni 41. Kampuni ilipinga, ikisema yenyewe ni ya Uingereza. Baraza la rufaa za kodi liliamua mwaka 2016 kwa upande wa Mamlaka, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaitupa rufaa ya kampuni. Kufikia hapo mengi yalikuwa yamepita: zuio la kusafirisha makinikia la mwaka 2017, na makubaliano ya Serikali na Barrick yaliyoizaa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Hayo yana mjadala wake, hatutaingia huko. Sisi tunachukua jambo moja tu. Kampuni yenye mawakili wa London haikuweza kuishawishi mahakama kwamba cheti cha London kinahamisha mgodi wa Tarime. Je, cheti cha Port Louis kitahamisha ghala la Igoma?

Jirani zetu Uganda wana kisa kinachofanana. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliuza sehemu yake ya visima vya mafuta vya Ziwa Albert kwa dola bilioni 1.45. Serikali ikadai kodi ya dola milioni 434. Nyaraka za Panama zilipotoka mwaka 2016, zilionyesha kwamba kabla ya mauzo hayo Heritage ilikuwa imehamisha usajili wa kampuni yake kutoka Bahamas kwenda Mauritius, nchi yenye mkataba wa kodi na Uganda. Mafuta hayakusogea hata hatua moja kutoka Hoima. Uganda ilikaza, ikapigana hadi kwenye usuluhishi wa London, na ikashinda. Kwa nchi nzima ile, fedha hizo hazikuwa ndogo hata kidogo.

Sasa turudi kwa muumini wetu na biashara yake, tupige hesabu. Mfano huu ni wa kubuni lakini viwango vya kodi ni vya kweli. Ana kampuni hapa, faida yake kabla ya kodi ni shilingi milioni 100. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo anadaiwa milioni 30. Wakala anamsajilia kampuni Mauritius, na kampuni hiyo inamwandikia ankara ya milioni 40 kwa "ushauri wa biashara". Faida ya hapa inashuka hadi milioni 60, kodi inakuwa milioni 18. Amefurahi, ameokoa 12. Lakini malipo ya huduma kwa kampuni isiyo mkazi yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, nayo kwa milioni 40 ni milioni 6. Hatuna mkataba wa kodi na Mauritius wa kumpunguzia hapo. Zimebaki milioni 6. Kutoka humo amlipe wakala ada ya kila mwaka, amlipe msajili wa kule, amlipe mkurugenzi wa kuazimwa anayeweka sahihi, mhasibu, mkaguzi wa hesabu, gharama za benki za kule, na hasara ya kubadili shilingi kuwa dola na kuzirudisha. Waweka hazina waliopo hapa watatuambia kama milioni 6 zinatosha. Sisi tulipojaribu kupiga hesabu hiyo pamoja na mhasibu wetu, hatukubaki na kitu cha kujivunia.

Na fedha zenyewe ziko wapi? Ziko kule. Akitaka kulipa ada ya mtoto au kumalizia nyumba Nyegezi, lazima azirudishe, na zikirudi kama gawio la kampuni ya nje kwa mtu anayeishi hapa, ni mapato yanayotozwa kodi. Asipozitaja, ndipo anapovuka mstari. Watu huchanganya maneno mawili haya. Kupanga mambo yako ndani ya sheria ili ulipe kodi kidogo ni jambo moja. Kuficha mapato, kuandika ankara ya huduma ambayo haikutolewa, kutia sahihi taarifa unayojua si ya kweli, ni kukwepa kodi, nako ni kosa la jinai. Mpango wa wakala huanza upande wa kwanza na humalizikia upande wa pili, bila mteja kuonyeshwa mahali mpaka ulipo.

Mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato naye si mtoto. Atauliza: ushauri huo ulitolewa na nani, lini, ripoti iko wapi? Mkurugenzi wa Port Louis anajua bei ya bondo? Kama hakuna jibu, gharama ya milioni 40 inakataliwa, milioni 12 zinarudi, zikiwa na riba na adhabu juu yake. Akigundua kwamba maamuzi yote yalifanywa na muumini wetu mezani pake Mwanza, kampuni ya Mauritius yenyewe inageuka mkazi, kama tulivyoona. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kumpelekea msajili wetu, BRELA, majina ya wamiliki manufaa, yaani watu wa damu na nyama wanaofaidika mwisho wa mnyororo. Kenya nayo ilianza daftari kama hilo mwaka huohuo. Mtaji unaotoka nchini kwenda kuwekezwa nje una kanuni zake chini ya Benki Kuu, na benki yake itamwuliza. Hata Dubai, iliyokuwa ikisifiwa kwa kutokuwa na kodi ya kampuni, ilianza kutoza asilimia 9 kuanzia Juni 2023 kwa faida inayozidi dirhamu 375,000, ingawa maeneo huru bado yana nafuu kwa wanaotimiza masharti. Anayekuuzia kampuni kwa maelezo ya mwaka 2015 anakuuzia mkate wa juzi.

Kwa kampuni kubwa dunia pia inabadilika, polepole mno kwa maoni yetu. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kodi ya chini ya asilimia 15 kwa makundi yenye mauzo ya euro milioni 750 na zaidi. Kenya na Nigeria hazikuunga mkono wakati ule, kwa kuona kwamba Afrika ingepata kidogo. Desemba 2023 nchi za Afrika zikapata kura za kutosha katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ili kuanza kuandaa mkataba wa kodi wa dunia nzima. Mikataba ya nchi mbilimbili nayo imeanza kutazamwa upya. Machi 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliubatilisha mkataba wa kodi kati ya Kenya na Mauritius kwa sababu haukufikishwa Bungeni kwa utaratibu unaotakiwa, ingawa mwezi uliofuata serikali hizo zilitia sahihi mwingine. Mwaka 2020 Zambia ilijitoa katika wa kwake.

Muumini anayelemewa na gharama anahitaji tumwambie zaidi ya "usifanye". Wengi wa hao wanaofuatwa na mawakala wanalipa kodi kubwa kuliko wanavyopaswa kwa sababu vitabu vyao havipo. Hawatunzi risiti za usafiri, hawaandiki uchakavu wa mashine, hasara ya mwaka jana hawaichukui kwenda mwaka huu, na wanakadiriwa kwa macho. Mhasibu mzuri wa Mwanza anapunguza kodi yao kihalali kwa gharama ndogo kuliko tiketi ya ndege ya kwenda Port Louis. Wenye vyama vya akiba na mikopo wanaweza kumwajiri mmoja kwa pamoja. Wanaouza mazao wanaweza kuunganisha mizigo yao na kujaza kontena zima badala ya kila mmoja kulipia sehemu. Na yule mwenye kazi ya kweli Dubai asajili kampuni Dubai, aweke karani, atunze vitabu pande zote mbili, aitaje kwenye taarifa zake za hapa. Hana la kuogopa.

Tunafika kwenye mabati ya zahanati. Kuna walioshauri tukatae mchango wowote wa kampuni iliyosajiliwa nje. Hatukubaliani nao. Wahisani wetu wengi mko kwenye kampuni zilizosajiliwa kwenu, watu wenu wanafanya kazi huko na kodi mnalipa huko, na mabati yenu yamewafunika wagonjwa wetu. Wengine wamesema bati ni bati, tusiulize. Hapo pia hatukubaliani. Kampuni inayochimba, kuvua au kununua mazao hapa, ikapeleka faida yake kwenye sanduku la barua, kisha ikaturudishia mabati 80 na kupiga picha na Baba Paroko, imepata tangazo la bei rahisi sana. Jina la parokia limetumika kuifunika.

Pendekezo letu, ambalo tunawaombeni mlijadili mchana huu katika makundi, ni kwamba kabla ya kupokea mchango wa kampuni unaozidi kiwango mtakachokubaliana, kamati iulize kwa barua ya adabu: wamiliki wenu ni akina nani, kazi yenu inafanyika wapi na watu wangapi wanaifanya huko mlikosajiliwa, na kodi ya mwaka uliopita mlilipa nchi gani? Kampuni safi inajibu siku hiyohiyo. Isiyojibu tutaishukuru na kuiacha iende, hata kama msimu wa mvua umekaribia. Tunajua hilo litauma. Zipo zahanati mbili ambazo kuta zimefika kwenye linta na hazijaezekwa, na wenyeviti wake wako humu ndani. Kwao tumetenga sehemu ya mfuko wa dharura ili wasilazimike kuchagua kwa shinikizo la mawingu. Wahisani wanaoweza kuongezea mfuko huo wazungumze na mweka hazina wa ofisi kabla ya kuondoka.

Hali kadhalika tunawaomba wahisani mkubali maswali hayohayo kutoka kwetu, na sisi tutaambatanisha kwenye taarifa ya mwaka ukurasa mmoja unaoonyesha kodi zilizolipwa na miradi yetu ya biashara, yaani hosteli, mashine za kusaga na duka la vifaa vya shule. Barua ya mfano yenye maswali hayo imeandaliwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na makatibu wataichukua mlangoni pamoja na posho ya nauli. Majibu ya makundi yatufikie kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ili halmashauri ya utendaji iyapitie katika kikao chake kijacho.